Mkataba wa makubaliano ya pamoja: kwa nini mwalimu husubiri hata baada ya sahihi kutiwa

Jioni moja ya mwisho wa mwezi, nyumbani kwa shangazi yangu huko Likoni, Mombasa, karatasi ya mshahara ilikuwa imelazwa mezani kando ya kikombe cha chai, na shangazi, ambaye amefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka ishirini, alikuwa akiipitia mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu. Redio ilikuwa imesema kwamba walimu wameongezwa mshahara. Karatasi nayo ilikubali kwamba mshahara wa msingi umepanda, ila mstari wa chini kabisa, ule wa pesa za kupeleka nyumbani, ulikuwa umesogea kidogo tu. Aliniuliza swali ambalo walimu wengi huulizana kivukoni wakingoja feri asubuhi: haya makubaliano yanayotiwa sahihi mbele ya kamera ni kitu gani hasa, na yakishatiwa sahihi, nani anayalinda?

Jina lake kamili ni mkataba wa makubaliano ya pamoja, na walimu wenyewe wamezoea kuuita kwa herufi tatu, CBA. Ni hati ya maandishi baina ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, inayoweka mishahara, marupurupu, likizo na masharti mengine ya kazi kwa kundi zima la wafanyakazi katika muda uliotajwa, ambao kwa walimu wa Kenya umekuwa miaka minne. Neno lenye uzito katika jina hilo ni “pamoja”. Mwalimu mmoja wa Kisauni hawezi kuketi na Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, akajadili mshahara wake peke yake. Chama ndicho kinachoketi kwa niaba yake, na kile kinachopatikana humfikia hata mwenzake wa darasa la pili ambaye hakujiunga na chama chochote. Ndiyo maana sheria inaruhusu asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, kwa kuwa naye amekula matunda ya mazungumzo hayo.

Si kila chama kinachoweza kuketi kwenye meza hiyo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inadai kwamba chama kiwe kimewasajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama katika fungu kinalodai kuliwakilisha, kisha mwajiri akitambue kwa maandishi. Kwa walimu, KNUT, kilichoundwa mwaka 1957, kimewakilisha hasa walimu wa shule za msingi. KUPPET, kilichosajiliwa mwaka 1998, kinawakilisha walimu wa shule za upili na vyuo. Na KUSNET kinawasemea walimu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Idadi ya wanachama, kwa hiyo, si jambo la kujivunia tu katika mikutano ya uchaguzi wa matawi. Ndiyo nguvu yenyewe ya chama mezani.

Watu wa Mombasa hawahitaji kufundishwa maana ya wafanyakazi kusimama pamoja. Mgomo mkuu wa Januari 1947 uliozima shughuli za bandari na reli ulifanyika katika mji huu huu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mfanyakazi wa bandarini na mwalimu, nayo ndiyo ufunguo wa jambo zima. Bandari inalipisha meli na makasha. Mwenye hoteli Nyali analipisha wageni wake, na anapoketi na chama cha wafanyakazi wa hoteli, huja na ufunguo wa kasha lake la pesa mfukoni: akikubali, amekubali. TSC hailipishi mtu chochote. Inaajiri walimu zaidi ya laki tatu, inajadiliana nao, inatia sahihi, lakini ufunguo wa kasha hauko kwake.

Ufunguo huo umegawanywa mikononi mwa watu wengi. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na inavipa vyama haki ya kujadiliana kwa pamoja. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 230, inaipa Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, kazi ya kuzishauri serikali za kitaifa na za kaunti kuhusu malipo ya watumishi wa umma, na inaiagiza izingatie iwapo mzigo wote wa mishahara unaweza kubebeka. Hazina ya Taifa ndiyo inayotafuta pesa. Bunge ndilo linaloidhinisha makadirio. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndiyo inayousajili mkataba, na kisheria mkataba huanza kufanya kazi pale tu unaposajiliwa. Kuanzia hapo masharti yake huingia moja kwa moja katika mkataba wa ajira wa kila mwalimu anayehusika. Wahenga walisema ahadi ni deni. Katika sheria ya kazi, ahadi haijawa deni mpaka ipite milango yote hiyo.

Mwaka 1997 ndio unaokumbukwa kwa uchungu zaidi. Mgomo wa walimu ulifanyika Oktoba, muda mfupi kabla ya uchaguzi mkuu, na serikali ikakubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, itakayolipwa kwa awamu. Uchaguzi ulipopita, serikali ikasema haina pesa. Walimu waligoma tena mwaka 1998, na tena mwaka 2002, na hata mwaka 2013, miaka kumi na sita baadaye, marupurupu yaliyotajwa katika tangazo la serikali la mwaka ule wa 1997 bado yalikuwa sababu ya mgomo. Mtu aliyeanza kazi mwaka 1997 akiwa kijana alikuwa na watoto wa sekondari kabla ya deni hilo kuzungumzwa hadi likaisha.

Mwaka 2015 ulifundisha somo la aina nyingine. Mwezi Juni, Mahakama ya Ajira iliamuru walimu waongezwe mshahara wa msingi kwa kati ya asilimia 50 na 60, ikienezwa kwa miaka minne. Serikali haikulipa, walimu wakagoma kuanzia Septemba, na shule zikafungwa mapema. Novemba, Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi ule, ikasema miongoni mwa mambo mengine kwamba ushauri wa SRC unafunga na hauwezi kurukwa. Wengi waliliona jambo hilo kama walimu kushindwa tu. Kwa mwenye kutaka kuielewa dhana hii, lilikuwa zaidi ya hapo: lilionyesha kwamba amri ya mahakama haiwezi kuchukua nafasi ya makubaliano, na kwamba makubaliano ya mwajiri wa umma yakikosa SRC hayasimami. Mwaka uliofuata pande zote ziliketi, na Oktoba 2016 ukatiwa sahihi mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021 wenye thamani ya shilingi bilioni 54, uliobadilisha madaraja ya kazi ya zamani kuwa yale ya B5 hadi D5 ambayo walimu wanayo leo.

Kisha bajeti ikabana. Mkataba wa mwaka 2021 hadi 2025 ulitiwa sahihi ukiwa hauna hata shilingi moja ya nyongeza. Ulikuwa na masharti ya likizo na mengineyo tu, kwa sababu SRC ilikuwa imeshauri mishahara isiongezwe wakati uchumi umeumizwa na korona. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6. Hapa napenda msomaji atulie kidogo, kwa sababu jambo hili hupita bila kusemwa: mshahara usiobadilika wakati unga, mafuta ya taa na nauli ya matatu vinapanda ni mshahara uliopunguzwa, ingawa hakuna aliyetia sahihi ya kuupunguza. Agosti 2023 ndipo nyongeza ya kati ya asilimia 7 na 10 ilipokubaliwa, ilipwe kwa awamu mbili, Julai 2023 na Julai 2024.

Awamu ya pili ndiyo iliyoonyesha jinsi mwalimu alivyo mbali na kasha. Tarehe 26 Juni 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais alikataa kutia sahihi Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, na pengo la shilingi bilioni 346 likalazimu bajeti ikatwe. Pesa za awamu ya pili zikawa miongoni mwa zilizoguswa. Walimu hawakuwa wamebadilisha chochote katika mkataba wao, wala TSC haikuwa imeukana. KUPPET iliingia mgomoni shule zilipofunguliwa kwa muhula wa tatu mwishoni mwa Agosti, na pesa zikapatikana.

Kwa nini zikatwe za walimu? Jibu limo katika mpangilio wa malipo ya serikali, na naliona kuwa kiini cha habari yote hii. Deni la umma, yaani pesa ambazo serikali ilikopa kwa mabenki, wawekezaji na nchi nyingine, hulipwa moja kwa moja kutoka Mfuko Mkuu wa Serikali kwa agizo la Katiba. Halingoji kupigiwa kura kila mwaka. Nyongeza ya mwalimu hungoja. Kila mwaka inabidi iandikwe upya katika makadirio, na inapofika zamu ya kukata, hukatwa kile kinachokatika. Zote mbili ni ahadi za maandishi zilizotiwa sahihi na serikali ile ile, lakini moja hukaa mbele ya foleni na nyingine nyuma. Serikali ina haki kamili ya kusema mezani kwamba haina uwezo. Hapo ndipo mahali pa kusema, na chama chenye busara kitasikiliza. Kusema hivyo baada ya mkataba kusajiliwa ni kumkopa mwalimu bila kumuuliza.

Kuna kipimo kinachotajwa sana katika mijadala hii: kanuni za fedha za umma zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kipimo hicho kina maana, maana nchi inayomaliza mapato yake kwenye mishahara haitakuwa na chaki wala madawati. Lakini ni uwiano, na uwiano una pande mbili. Mapato yakidorora, asilimia hupanda hata kama hakuna mwalimu aliyeongezwa shilingi, na lawama humwendea mtu ambaye mfuko wake haujabadilika.

Nirudi kwenye meza ya Likoni. Tuchukue mwalimu ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 30,000, na pamoja na marupurupu ya nyumba na usafiri anafika 45,000. Ameongezwa asilimia 7. Nyongeza hiyo huhesabiwa juu ya mshahara wa msingi, kwa hiyo ni shilingi 2,100. Marupurupu ya nyumba ni kiasi maalumu kinachofuata daraja la mwalimu na mahali anapofanyia kazi, hayapandi yenyewe. Juu ya pato lote, asilimia 7 imekwishakuwa chini ya 5. Sasa makato: pensheni asilimia 7.5, shilingi 157.50, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, shilingi 57.75, ada ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, shilingi 31.50. Kinachobaki hutozwa kodi ya asilimia 30, karibu shilingi 556, na ada ya chama tukiihesabu kuwa asilimia 2 ni shilingi 42. Mwalimu anapeleka nyumbani takriban shilingi 1,255. Shangazi aliiandika hesabu hiyo nyuma ya karatasi, akaigawanya kwa siku za kazi za mwezi, akapata kama shilingi 57 kwa siku. Kivuko hakimlipishi anayevuka kwa miguu. Tuktuk ya ng'ambo inamlipisha.

Si kwamba TSC ilimdanganya au chama kilimwuza. Mkataba hujadili mshahara ghafi. Makato hayamo ndani yake. Huwekwa na Bunge kwa sheria nyingine, na Bunge laweza kuyaongeza katikati ya miaka minne ya mkataba bila kuuvunja. Hili walimu wengi hawaambiwi, na linazaa shuku zisizo na msingi dhidi ya viongozi wa matawi.

Wako pia wasiomo kabisa. Walimu wanagenzi, yaani walio katika mafunzo ya kazini, walioletwa kwa wingi kujaza nafasi za sekondari msingi, walilipwa posho ya shilingi 20,000 bila kuguswa na nyongeza za mkataba, wakifundisha masomo yale yale kwa saa zile zile. Mwaka 2024 waligoma, na Januari 2025 wapatao 46,000 waliajiriwa kwa masharti ya kudumu. Ndipo nao walipoanza kuhesabiwa katika neno lile “pamoja”.

Mkataba wa sasa, wa mwaka 2025 hadi 2029, ulitiwa sahihi Julai 2025 ukiwa na thamani ya shilingi bilioni 33.8, nao pia hulipwa kwa awamu. Anayetaka kujua iwapo awamu inayofuata italipwa asingoje Julai. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini makadirio hufikishwa Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na humo mna fungu la TSC lenye tarakimu zake. Tarakimu hizo zikiwa zimepungua, mwalimu na chama chake wana miezi miwili ya kwenda mbele ya kamati za Bunge kuzidai kabla kura haijapigwa. Shangazi ameiandika tarehe hiyo ya Aprili kwenye kalenda ya jikoni, chini ya siku za kufungua shule.