Ugiriki ilifuzu Kombe la Dunia 1994 bila kupoteza mechi. Ilikuwaje ikafungwa mabao kumi?

Je, wajua kwamba Ugiriki ilikwenda Kombe la Dunia la 1994 bila kufungwa mechi hata moja katika kufuzu, kisha ikatoka kwenye fainali hizo bila pointi na bila bao? Katika kufuzu ilicheza mechi nane, ikashinda sita, ikatoka sare mbili na kuruhusu mabao mawili tu. Ilipofika Marekani ikapigwa 4-0 na Argentina, 4-0 na Bulgaria na 2-0 na Nigeria. Kocha alikuwa yule yule, na wachezaji kwa sehemu kubwa wale wale.

Kocha huyo ni Alketas Panagoulias, na huwezi kuelewa kilichotokea bila kujua alikotoka.

Alizaliwa Thessaloniki mwaka 1934, akachezea Aris, klabu ya mji wake. Baadaye akavuka bahari kwenda Marekani. Huko New York wahamiaji walikuwa na timu zao, kila jamii na yake, na yeye akajiunga na ya Wagiriki, New York Greek-Americans. Alianza kama mchezaji akaishia kuwa kocha. Chini yake timu ile ilitwaa Kombe la Wazi la Marekani mara tatu mfululizo, 1967, 1968 na 1969. Kwenye timu ya aina hiyo wachezaji wengi wanatoka kazini ndipo waje mazoezini. Mshahara mkubwa wa kuwashikilia haupo, kwa hiyo kocha anawashikilia kwa undugu na kwa kuaminiana. Naamini tabia hiyo Panagoulias aliibeba maisha yake yote.

Aliporudi Ugiriki alikabidhiwa timu ya taifa mwaka 1973, akaifundisha kwa vipindi viwili hadi 1981. Wakati huo Ugiriki haikuwa imewahi kucheza fainali yoyote kubwa. Dalili zilianza kuonekana kwenye mechi za kufuzu Euro 1976, ilipotoka sare mara mbili na Ujerumani Magharibi waliokuwa mabingwa wa dunia, 2-2 nyumbani na 1-1 ugenini. Halafu ikaja safari ya Euro 1980, kwenye kundi lenye Umoja wa Kisovieti, Hungary na Finland. Ugiriki iliwapiga Wafini 8-1, Wahungaria 4-1, na Septemba 1979 ikawafunga Wasovieti 1-0 jijini Athens. Ikaongoza kundi. Kwenye fainali kule Italia ilifungwa na Uholanzi na Czechoslovakia, lakini ikatoka suluhu na Ujerumani Magharibi waliokuja kuwa mabingwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Wagiriki kukaa meza moja na wakubwa wa Ulaya.

Kwa upande wa klabu alitwaa ubingwa wa ligi na Olympiacos mwaka 1982, akarudia 1987.

Katikati ya mataji hayo mawili kuna sura ambayo wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye funzo kubwa. Mwaka 1983 Marekani ilimkabidhi timu yake ya taifa, na shirikisho likajaribu jambo geni: timu ya taifa iingizwe kwenye ligi ya kulipwa kama klabu, kwa jina la Team America, makao yake Washington. Lengo lilikuwa wachezaji wazoeane kwa kucheza pamoja msimu mzima. Shida ni kwamba baadhi ya nyota hawakutaka kuacha klabu zao, akiwemo Rick Davis wa Cosmos, klabu ya New York. Team America ilishinda mechi 10, ikapoteza 20, ikavunjwa baada ya msimu mmoja. Ligi yenyewe ikafa baada ya msimu wa 1984.

Hivyo mechi za kufuzu Kombe la Dunia 1986 zilimkuta Panagoulias na kikosi cha wachezaji ambao wengi hawakuwa na ligi kubwa ya kuchezea. Hata hivyo walifika mahali pa kuhitaji sare moja tu ili kusonga mbele. Mei 31, 1985 walicheza na Costa Rica kwenye uwanja wa chuo huko Torrance, California. Mwenyeji alikuwa Marekani, lakini jukwaani waliojaa ni Wacosta Rica. Costa Rica ikashinda 1-0, na Marekani ikaambulia patupu. Panagoulias aliondoka mwaka huo huo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka 1992 Ugiriki ilimwita tena. Kundi lake la kufuzu lilikuwa na Urusi, Hungary, Iceland, Luxembourg na Yugoslavia. Yugoslavia iliondolewa kwa sababu ya vikwazo vya kimataifa wakati wa vita vya Balkan, kwa hiyo timu hatari kuliko zote ikatoka bila kucheza. Zitazame zile mechi nane kwa karibu. Ugiriki iliifunga Iceland 1-0 nyumbani na 1-0 ugenini. Iliifunga Hungary 1-0 kwao, baada ya suluhu mjini Thessaloniki. Urusi ilitoka nayo 1-1 Moscow, na Novemba 1993 ikaifunga 1-0 Athens kwa bao la kijana Nikos Machlas. Mechi pekee ambazo ilifunga zaidi ya bao moja ni zile mbili za Luxembourg.

Yaani mabao kumi kwa mechi nane, matano yakiwa dhidi ya Luxembourg. Hii ilikuwa timu ya kulinda, kuvumilia na kunyakua bao moja. Timu ya namna hiyo ikitangulia inakuwa ngumu kama jiwe. Ikitanguliwa haina pa kushika, kwa sababu kufukuza mechi si kazi iliyojengwa kuifanya.

Na kule Marekani Ugiriki ilitanguliwa mapema mno. Gabriel Batistuta wa Argentina alifunga dakika ya pili. Hristo Stoichkov wa Bulgaria alifunga penalti dakika ya tano. Mpango wote wa Wagiriki ukawa umekwisha kabla hawajatoka jasho. Bao la tatu la Argentina lilikuwa la Diego Maradona: pasi fupi fupi nje ya boksi, kisha shuti la mguu wa kushoto kwenye kona ya juu, halafu ile mbio ya kuifuata kamera pembeni ya uwanja akipiga kelele. Lilikuwa bao lake la mwisho kwa taifa lake.

Kingine ni umri. Panagoulias alikwenda na waliomfikisha. Kipa Antonis Minou alikuwa na miaka 36, na Tasos Mitropoulos pia 36. Nahodha Dimitris Saravakos alikuwa anakaribia 33. Onyo lilikuwa limeshatolewa: mwezi mmoja kabla ya fainali, England iliitandika Ugiriki 5-0 Wembley. Kocha mwingine angetikisa kikosi. Yeye hakukitikisa, na hapo ndipo namwona yule mtu wa New York, ambaye mchezaji kwake ni ndugu kwanza. Hata makipa aliwapa zamu: Minou kwa Argentina, Ilias Atmatsidis kwa Bulgaria, Christos Karkamanis kwa Nigeria. Kwenye Kombe la Dunia hilo ni kosa la kiufundi, na nalisema bila kusita. Lakini lilitoka kwa mtu aliyetaka waliotoa jasho waonje matunda yake.

Wapinzani nao hawakuwa wa mchezo. Nigeria walikuwa mabingwa wa Afrika na ndio walioongoza kundi. Bulgaria, ambao hawakuwa wamewahi kushinda mechi ya Kombe la Dunia hadi siku ile walipokutana na Ugiriki, walifika nusu fainali.

Panagoulias aliachia timu baada ya fainali, na Septemba 1994 kiungo wa PAOK, Theodoros Zagorakis, akavaa jezi ya taifa kwa mara ya kwanza. Miaka kumi baadaye alikuwa nahodha wa Ugiriki iliyotwaa Euro 2004 chini ya Mjerumani Otto Rehhagel. Hatua ya mtoano waliifunga Ufaransa 1-0, Jamhuri ya Czech 1-0 na Ureno 1-0. Ni hesabu ile ile ya Panagoulias ya mwaka 1993, safari hii ikiwa na miguu yenye nguvu ya kuikamilisha.