Je, wajua kwa nini afasia, yaani kuvurugika kwa lugha ubongo unapoumia, inaweza kuharibu sarufi na kuiacha maana ikiwa salama?

Chukua sentensi mbili: "Kikombe kilivunjwa na mtoto" na "Simba alifukuzwa na chui." Zote ziko katika kauli ya kutendwa. Ya kwanza inaeleweka hata sarufi ikilala, kwa sababu kikombe hakimvunji mtu. Ya pili haina msaada huo. Simba na chui wanaweza kufukuzana, na kinachokuambia nani alimkimbia nani ni vipande vidogo tu, hasa ile -w- ndani ya kitenzi.

Mifano ni yangu, lakini mwaka 1976 watafiti Alfonso Caramazza na Edgar Zurif walionyesha jambo hilohilo kwa Kiingereza: watu wenye afasia ya Broca (aina ambayo usemi huwa mfupi na wa kujikongoja) walielewa sentensi ambazo maana yake inajieleza, wakakwama pale muundo peke yake ulipobeba jibu.

Afasia hutokea sehemu za ubongo zinazoshughulikia lugha zinapoumia, mara nyingi kwa kiharusi, na kwa watu wengi ni upande wa kushoto. Si upungufu wa akili. Mwaka 1861, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa karibu na Paris ambaye karibu neno lake pekee lilikuwa "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Mwaka 1874 daktari Carl Wernicke akaeleza sura nyingine: maneno yanamiminika, ila mengi si yenyewe, na kuelewa kunakuwa kugumu.

Katika kuzungumza, aina ya Broca huleta usemi mfupi na wa kujikongoja. Msemaji wa Kiingereza hudondosha viambishi na maneno madogo, akabaki na nomino na vitenzi vitupu. Mtu angedhani ubongo unachagua njia fupi. Lakini tazama Kiebrania, ambako mzizi wa kitenzi ni konsonanti tupu zisizotamkika. Huko msemaji hawezi kudondosha, hivyo huweka umbo jingine la kitenzi lisilofaa hapo. Ugonjwa uleule huzaa makosa tofauti kulingana na lugha inavyojengwa (na lugha yenye viambishi vingi kama yetu ingestahili kuchunguzwa zaidi).

Linalonishangaza zaidi ni matokeo ya watafiti Linebarger, Schwartz na Saffran ya mwaka 1983. Wagonjwa wanne waliosema kwa vipandevipande, na waliokosea kuelewa sentensi, waliombwa waseme tu kama sentensi wanazosikia zimejengwa sawasawa. Walifanya vizuri ajabu. Kumbe sarufi ilikuwa bado imo! Kilichowashinda ni kuitumia kupata nani kamtenda nani.

Wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaosema sehemu mahususi ya sarufi imeharibika, na wapo wanaosema nguvu ya kuichakata sentensi haitoshi au inachelewa. Mimi naegemea upande wa pili, maana mtu mmoja anaweza kuipata sentensi ya aina fulani leo na kuikosa kesho.