Mbio za kilomita 10 kwa mtu wa kawaida: maswali na majibu

Mimi si mwanariadha. Naweza kujiandikisha?

Unaweza. Wengi wanaopanga foleni nyuma ya mstari wa kuanzia wanataka kumaliza tu. Kama unatembea kwa haraka dakika 30 bila taabu, anza kukimbia dakika moja na kutembea mbili, siku tatu kwa wiki, na ujipe miezi mitatu hivi. Muone daktari kwanza kama una shinikizo la damu, kisukari au tatizo la moyo, au kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Nitajuaje kama nimezidisha kasi?

Ongea. Ukitamka sentensi nzima, uko sawa; ukitoa neno mojamoja huku unahema, punguza. Siku ya mbio kipimo hiki husahaulika. Muziki unapigwa, watu wanakupita, na miguu ni myepesi kwa kuwa umeipumzisha. Kilomita ya kwanza inateleza, ya saba unailipia. Waache waende. Baadhi yao utawakuta mbele, mikono kiunoni, wanatembea.

Ninywe maji mengi kiasi gani?

Kunywa ukiwa na kiu, basi. Hapa ndipo watu waangalifu hukosea, maana wameambiwa wasipite meza ya maji bila kunywa. Maji yakizidi, chumvi ya sodiamu kwenye damu huzimuliwa na ubongo huvimba: kichwa kinauma, kichefuchefu, mtu anachanganyikiwa, hata degedege na kifo. Mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya Boston Marathon, mbio za kilomita 42 nchini Marekani. Asilimia 13 walikuwa na upungufu huo wa sodiamu. Hatari huongezeka kadiri mtu anavyokaa njiani, kwa hiyo mkimbiaji wa polepole ndiye wa kujihadhari zaidi. Ukijipima na kukuta umeongezeka uzito baada ya mbio, ulikunywa kupita kiasi.

Nimeze dawa ya maumivu kabla ya kuanza?

Hapana. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo, nazo tayari zina kazi nzito ukiwa na joto na jasho. Tena dawa hizo zinakuficha maumivu ambayo yangekusimamisha mapema.

Na viatu vipya?

Viache nyumbani. Paka mafuta ya mgando mapajani, makwapani na kwenye chuchu. Usicheke: wapo wanaume wanaofika mwisho na madoa mawili ya damu kifuani, kazi ya fulana iliyolowa jasho.

Nikimaliza nikae chini?

Bado. Misuli ya miguu ilikuwa inasaidia kurudisha damu moyoni. Ukiacha kwenda ghafla damu hutuama miguuni, ukaona kizunguzungu au ukaanguka. Tembea dakika kumi, medali shingoni.

Lini niache kabisa?

Kifua kikibana, moyo ukienda mrama, ukihisi kuzimia, au ukianza kutetemeka kwa baridi kwenye jua kali. Mwite mhudumu aliye karibu. Na kabla ya kuanza, andika nyuma ya namba yako ya kifuani simu ya ndugu na dawa unazotumia.