Dubu amezoea, lakini amezoea nini?

Habari ya dubu kuingia shambani ikiandikwa kwa Kiswahili, haikosi sentensi hii: "dubu huyo amezoea watu." Kavunja mizinga, amezoea watu. Kapita barabarani mchana kweupe bila kumgusa mtu, amezoea watu. Kafumua banda la kuku saa nane usiku na hakuna aliyemwona hata kivuli, huyo naye amezoea watu. Neno moja limetwishwa mizigo miwili, na anayeumia kwa mchanganyo huo ni mkulima.

Fasili kwanza, kwa haraka. Kuzoea watu ni kuacha kukimbia: mnyama amekutana na watu mara nyingi, hawakumdhuru wala hawakumpa kitu, mwishowe hawajali kama asivyojali kisiki. Kuzoea chakula cha watu ni kujifunza: mnyama alipata mlo penye harufu ya watu, akarudi, akapata tena, na sasa anazifuata nyumba zao kwa kuwa anatarajia kula. La kwanza ni woga kupungua, la pili ni malipo kupatikana. Dubu anaweza kuwa na moja bila jingine, akawa nayo yote mawili, au asiwe na lolote.

Kinachoudhi ni kwamba Kiswahili kilishayatenganisha haya zamani, wala hakikungoja wataalamu wa wanyamapori. Mtu akikwambia "usinizoee," hakutuhumu kwamba umekula chakula chake. Anasema umeacha kumwogopa, umesogea kuliko inavyostahili. Hiyo ndiyo zoea tupu. Tia kiambishi cha kusababisha upate zoesha, na mambo yanageuka. "Umemzoesha vibaya" huambiwa mzazi anayempa mtoto pipi kila akilia. Sasa yupo mtoaji, kipo kilichotolewa, na lawama inamwendea mtoaji hata kama hakukusudia. Umbo lake la pili la kusababisha, zoeza, ndilo lililotuzalia zoezi na mazoezi: jambo linalorudiwa mpaka linakuwa ujuzi. Dubu anayefungua pipa la taka kwa mara ya nane yuko mazoezini, na pipa ni la mtu.

Dubu waliozoea bila kuzoeshwa wapo. Katika hifadhi ya McNeil River huko Alaska, dubu wa kahawia hukusanyika majira ya kiangazi kuvua samoni, na watu husimama mita chache tu kutoka kwao. Wageni wenye vibali vya kwenda kuwatazama hawazidi 10 kwa siku, wanaongozana na wafanyakazi wa hifadhi, na chakula chao hakiachwi mahali dubu anapoweza kukionja. Tangu utaratibu wa vibali uanze mwaka 1973, hakuna mgeni aliyejeruhiwa na dubu pale. Dubu hao wamewazoea watu barabara, na hawawadai kitu.

Wa kinyume chake ndiye anayewapotosha wakulima. Anakuja usiku, anakula mahindi, akisikia mlango unalia anatoweka. Mwenye shamba anasema, "bado hajazoea, akiniona anakimbia." Kweli hajakuzoea wewe. Shamba lako amelizoea sana, na kesho atarudi. Vuli inapokaribia, dubu mweusi wa Amerika anaweza kula hadi kilokalori 20,000 kwa siku ili apate mafuta ya kulalia msimu wa baridi. Kwa tumbo la namna hiyo, kelele ya sufuria ni usumbufu mdogo. Risasi za mpira na mbwa humsaidia aliyepoteza woga, kwa sababu zinaurudisha, hasa akiwahiwa mapema. Aliyezoeshwa zinamfunza tu kubadilisha saa za kuja. Ukimhamishia msitu wa mbali ataondoka na somo lake kichwani, na wengi hurudi.

Somo hilo tena hurithiwa. Jike aitwaye Jurka, aliyeletwa Trentino nchini Italia kutoka Slovenia, alikuwa akitafuta chakula karibu na makazi ya watu, na watoto wake wakajifunza kwa kumfuata. Mmoja wao, aliyepewa jina la JJ1, aliingia Bavaria mwaka 2006, dubu wa kwanza wa mwituni kuonekana Ujerumani tangu 1835. Alikula kondoo, akavunja mizinga, na tarehe 26 Juni akapigwa risasi. Nduguye JJ3 aliuawa Uswisi mwaka 2008 kwa tabia hiyohiyo.

Ndiyo maana uzio wa umeme unatakiwa utangulie mlo wa kwanza. Mizinga ndiyo mfano mzuri, kwani dubu hafuati asali peke yake, anataka na majana, yaani watoto wa nyuki, yenye mafuta na protini. Nyaya tano zinatosha: ya chini sentimeta 20 kutoka ardhini, nyingine kila baada ya sentimeta 25 hivi, na mizinga ikae ndani angalau mita moja kutoka kwenye waya ili mkono usiifikie. Volti zisipungue 6,000, maana manyoya ya dubu hayapitishi umeme vizuri. Shoti inayomfunza ni ile ya puani au mdomoni, na kwa hiyo wengine huning'iniza kwenye waya wenye umeme kipande cha bati jembamba kilichopakwa siagi ya karanga. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni nyasi zilizogusa waya wa chini zikanyonya umeme, au nondo ya erthi iliyochomekwa kijuujuu kwenye udongo mkavu. Ishuke karibu mita mbili, na volti zipimwe kila siku. Dubu ambaye hajaonja akipigwa puani mara moja hujiendea zake. Aliyekwisha kuonja majana ya hapo hujitosa, akang'oa nguzo na kuendelea kula.

Mchanganyo uleule umeingia hata kwenye "kuishi pamoja na dubu." Watu husikia kuzoeana, kana kwamba siku moja mkulima na dubu watasalimiana. Huko Asturias, kaskazini mwa Hispania, wafuga nyuki wa zamani walizungushia mizinga kuta za mawe zinazoitwa cortines, ndefu kuliko mtu, na juu wakalaza mawe bapa yaliyochomoza nje ili anayepanda akwame. Dubu wa milima ile bado wapo, na baadhi ya kuta bado zimesimama. Hapakuwa na kuzoeana kokote pale.

Kwa hiyo anayeandika "dubu amezoea" hajakosea sana, ameishia njiani tu. Kitenzi hicho kina yambwa, yaani kile kinachozoewa, naye ameisahau au amebandika "watu" kwa mazoea. Aandike amezoea nini: watu, mahindi, majana, au pipa la nyuma ya jiko. Na kama pipa halikuwa na kifuniko, kuna umbo la zoeshwa.