Maktaba ya kiteja ya MQTT kwenye Python

Kwenye programu, maktaba ni kifurushi cha msimbo ulioandikwa tayari, ambacho unakiita kikufanyie kazi. Maktaba ya kiteja ni ile inayoifanya programu yako kuwa mteja wa huduma fulani: inaijua lugha ya seva, inafungua muunganisho, na ukikatika inaunganisha upya. Kwa vifaa vya intaneti ya vitu, yaani vihisi na mashine zinazotuma data zenyewe mtandaoni, lugha hiyo mara nyingi ni MQTT, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Kwenye Python, maktaba inayotumika sana ni Paho.

Chukua ghala la korosho Masasi. Kihisi cha DHT22, kilichounganishwa na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, kinapima unyevu wa hewa, na ofisi iliyoko Mtwara mjini inataka kuuona. Kihisi na ofisi havizungumzi moja kwa moja. Katikati yupo broka, yaani seva inayopokea na kusambaza ujumbe, na neno letu la dalali linamfaa kabisa, ila huyu hakati kamisheni. Kihisi kinamkabidhi ujumbe chini ya mada, tuseme `masasi/ghala2/unyevu`, naye anampelekea kila aliyejiandikisha kwenye mada hiyo. (DHT22 inapima hewa tu. Unyevu wa korosho yenyewe bado unahitaji kipimo chake.)

Sakinisha kwa `pip install paho-mqtt`. Upande wa ofisi unatosha hivi:

```python
import paho.mqtt.client as mqtt

def imeunganishwa(mteja, data, bendera, jibu, sifa):
    print("Jibu:", jibu)
    mteja.subscribe("masasi/+/unyevu", qos=1)

def umefika(mteja, data, ujumbe):
    print(ujumbe.topic, ujumbe.payload.decode())

m = mqtt.Client(mqtt.CallbackAPIVersion.VERSION2, client_id="ofisi-1")
m.on_connect = imeunganishwa
m.on_message = umefika
m.connect_async("192.168.1.20", 1883, 60)
m.loop_forever(retry_first_connection=True)
```

Anwani hiyo ni ya mfano. Weka ya broka wako. Alama `+` kwenye mada ina maana ya ghala lolote. `VERSION2` ni ya Paho 2.0 kwenda juu. Mifano mingi mtandaoni ni ya kabla ya toleo hilo, ukiinakili ilivyo inaweza kugoma mstari wa `Client`.

Kujiandikisha kumewekwa ndani ya `imeunganishwa` kwa makusudi. Ukikuandika nje, mtandao ukikatika na kurudi, Paho itaunganisha tena lakini broka anaweza kuwa amekwisha kukusahau. Programu inaonekana hai, ujumbe hauji, na hakuna kosa lolote kwenye skrini.

`connect_async` nayo ina sababu. Umeme ukirudi, kompyuta ndogo ya ghalani huwaka kabla modemu haijapata mtandao. `connect` ya kawaida ikikosa mtandao mara ya kwanza hutupa kosa na programu inakufa palepale, hadi mtu aende kuiwasha. `connect_async`, pamoja na `retry_first_connection=True`, inajaribu tena na tena.

Kuna pia mtego wa saa. Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa, kwa hiyo umeme ukikatika tarehe hubaki nyuma mpaka intaneti irudi. Kama umetumia muunganisho uliofichwa kwa TLS, kwa kawaida mlango 8883, cheti cha seva kinaweza kukataliwa kwa sababu kompyuta inadhani siku ya kuanza kutumika kwake bado haijafika. Watu hubadilisha cheti bure. Tazama tarehe kwanza.

Herufi `qos` ni kiwango cha uhakika. 0 hutuma mara moja, ukipotea basi. 1 huhakikisha umefika, ila unaweza kufika mara mbili, hivyo weka saa ya kipimo ndani ya ujumbe ili uutambue uliorudiwa. 2 haurudii, kwa gharama ya mawasiliano mengi zaidi. Kwa unyevu wa ghala ni kupoteza bando. Kumbuka pia kwamba ujumbe unaosubiri mtandao Paho huuweka kwenye kumbukumbu ya muda, nayo umeme ukizima imefutika. Andika kipimo kwenye faili kwanza, kisha tuma.

Ukiona muunganisho unakatika na kurudi kila baada ya sekunde chache, tafuta `client_id` iliyorudiwa. Umenakili programu ya ghala la kwanza ukaipeleka la pili bila kubadilisha jina. Broka humtoa wa zamani kila anapoingia mpya mwenye jina lilelile, naye wa zamani anarudi kumtoa mwenzake.

Mwisho kuna wosia. Kabla ya kuunganisha, kihisi kinaandika `will_set("masasi/ghala2/hali", "kimya", qos=1, retain=True)`. Kikipotea bila kuaga, broka anautangaza ujumbe huo. Kwa muda wa kuonyesha uhai (keepalive) wa sekunde 60, kama ule uliomo kwenye mfano, broka husubiri mara moja na nusu yake, yaani sekunde 90. Kwa hiyo ukijaribu kwa kuchomoa modemu, usichomeke tena kabla ya dakika mbili.