Je, ukurasa wa mtandaoni unaweza kuonyesha nani atakuwa mhudumu mzuri wa hoteli?

Meneja wa mapokezi ana maombi sitini ya kazi mezani na nafasi mbili tu za kujaza kabla msimu wa wageni haujaanza. Kabla hajampigia mtu yeyote simu, anaandika jina la mwombaji wa kwanza kwenye intaneti, anafungua ukurasa wake wa LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi na ajira, kisha ule wa Facebook au Instagram, na baada ya dakika tatu hivi amekwisha kuamua moyoni kama mtu huyo anafaa. Tabia hii imeenea mno katika hoteli na migahawa, na inaeleweka kwa nini, kwa kuwa kazi ni ya kukutana na watu na ukurasa unamwonyesha mtu akicheka, akisafiri na kuzungumza na wenzake. Swali ni je, anachokiona meneja huyo ndicho anachokitafuta?

Kwa sehemu kubwa, sicho. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Chad Van Iddekinge walichapisha utafiti ambao ndani yake watu wenye kazi ya kuajiri walipewa kurasa za Facebook za wanafunzi 416 wa chuo waliokuwa wakitafuta ajira, wakaombwa kukadiria nani angefaa kazini. Baadaye wasimamizi wa wale waliokwisha kuajiriwa waliulizwa jinsi walivyokuwa wakifanya kazi, na makadirio ya mwanzo hayakuonyesha uhusiano wowote wa maana na utendaji wao. Isitoshe, makadirio hayo yaliwapendelea wanawake na Wazungu. Wanafunzi hao hawakuwa wahudumu wa hoteli, ni kweli, lakini mhudumu wa hoteli ana sababu zaidi za kutosomeka kupitia picha zake.

Sababu yenyewe inahusu kile ambacho ukurasa huficha. Utafiti wa mwaka 2010 uliofanywa na Mitja Back na wenzake, ukihusisha watumiaji wa mitandao ya kijamii wa Marekani na Ujerumani, ulionyesha kwamba kurasa hizo humwakisi mtu alivyo hasa kuliko anavyotamani aonekane. Mtazamaji asiyemjua mwenye ukurasa aliweza kutambua kwa kiasi kizuri uchangamfu wake na upenzi wake wa mambo mapya. Alichoshindwa kukitambua ni utulivu wa hisia, yaani jinsi mtu anavyohimili wasiwasi na hasira. Sasa hebu tumwangalie mpokea wageni wa zamu ya usiku, saa nane, mbele yake amesimama mgeni aliyechoshwa na safari ndefu, ambaye chumba alichokilipia kimekwisha kupewa mtu mwingine kwa makosa. Uchangamfu wa kwenye picha za sherehe haumsaidii kitu hapo. Kinachomsaidia ni uwezo wa kupokea maneno makali bila kuyarudisha, kuomba radhi bila kujitetea, na kutafuta chumba kingine huku sauti yake ikibaki palepale.

Mwanasosholojia Arlie Hochschild, aliyewachunguza wahudumu wa ndege, alieleza mwaka 1983 kwamba katika kazi za namna hii kuzitawala hisia ni sehemu ya kazi yenyewe inayolipwa mshahara, sawa na kubeba sinia. Anayeitazama mitandao ya mwombaji anamtazama akiwa nje ya zamu, saa ambazo hakuna anayemlipa kujizuia. Mtu mkimya asiyeweka picha hata moja anaweza kuwa mhudumu hodari kuliko wote, na mcheshi wa mtandaoni akamnunia mgeni wa tatu wa siku.

Ukurasa si bure kabisa, hata hivyo. Una faida pale unapotumiwa kuhakikisha madai badala ya kubashiri tabia. Mwaka 2012 Jamie Guillory na Jeffrey Hancock waliwachunguza wanafunzi 119, wakagundua kwamba wasifu uliowekwa hadharani katika LinkedIn ulikuwa na uongo mchache kuhusu uzoefu wa kazi kuliko wasifukazi wa kawaida, pengine kwa sababu wenzako wa zamani wa kazini wanausoma. Uongo haukutoweka, bali ulihamia kwenye mambo yasiyothibitishika kirahisi, kama vile mambo anayoyapenda mtu na shughuli zake za burudani. Kwa hiyo sehemu ya ajira za nyuma inastahili kusomwa kwa makini, na ile ya "napenda kusoma na kusafiri" inaweza kurukwa bila hasara.

Hata katika kuisoma hiyo ya ajira, asiyeijua biashara ya hoteli hupotea. Miezi minne hapa na mitano pale, ambayo katika benki ingezua maswali, katika hoteli za msimu ni jambo la kawaida. Vyeo navyo vinadanganya bila mtu kudanganya, kwa maana msimamizi wa vyumba katika nyumba ya wageni yenye vyumba 12 huenda anatandika vitanda yeye mwenyewe, ilhali mwenye cheo hichohicho katika hoteli ya vyumba 400 anapanga zamu za watu wengi na huenda hagusi shuka. Mwombaji akiandika kwamba anaumudu mfumo wa Opera, ambao hoteli nyingi huutumia kusimamia vyumba, maswali mawili ya usaili yatatosha kuonyesha kama aliwahi kuufungua.

Wengine huenda mbali zaidi na kutafuta jina la mwombaji katika maoni ambayo wageni huyaandika Tripadvisor, na kwa kweli huo ni ushahidi wa kazi kuliko picha yoyote ya ufukweni. Lakini zipo hoteli zinazowahimiza wafanyakazi wawaombe wageni kuwataja kwa majina, na mpishi, mwosha vyombo au msafisha vyumba ni nadra kutajwa hata akiwa nguzo ya nyumba. Kutotajwa hakumpunguzii mtu kitu.

Kuna dalili moja ambayo mimi ningeipa uzito. Mwombaji aliyewahi kupiga picha fomu ya kujiandikisha ya mgeni mashuhuri na kuirusha mtandaoni, au kumdhihaki mgeni akitaja namba ya chumba chake, ametuonyesha kitendo cha kazini. Siri ya mgeni ni sehemu ya huduma anayoinunua. Kileo mkononi siku ya harusi ya dada yake ni jambo lingine, na meneja hana haki nalo.

Tatizo ni kwamba macho hayachagui. Anayetafuta tarehe za ajira ataona pia dini, ujauzito, ulemavu na siasa. Alessandro Acquisti na Christina Fong walituma maombi ya kazi ya kubuni kwa waajiri zaidi ya 4,000 wa Marekani, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2020, kwenye maeneo yanayoelemea chama cha Republican, mwombaji ambaye mitandao ilimwonyesha kuwa Mwislamu aliitwa kwenye usaili mara chache kuliko Mkristo mwenye sifa zilezile. Sheria nazo zimeanza kuingilia kati. Jimbo la Maryland, Marekani, lilipiga marufuku mwaka 2012 waajiri kudai nywila za mitandao za waombaji, na katika Umoja wa Ulaya wasimamizi wa faragha walieleza mwaka 2017 kwamba ukurasa kuwa wazi kwa umma hakumpi mwajiri ruhusa ya kuchukua chochote akitakacho humo, isipokuwa kile kinachohitajika kwa kazi husika, tena mwombaji akiwa amearifiwa.

Ndiyo maana utaratibu ulio salama zaidi ni kuuacha ukurasa mpaka baada ya usaili na zamu ya majaribio, kisha kumpa mtu mwingine, asiyeshiriki kuamua, aukague kwa mambo machache yaliyoandikwa mapema: mahali, tarehe, cheo, siri za wageni. Tarehe zikitofautiana, mwombaji huulizwa kwanza. Pengine hoteli aliyoitaja iliuzwa, ikabadilishwa jina, na yeye akaendelea kusimama kwenye kaunta ileile.