Tafuta mtenda: namna ninavyofuatilia mazungumzo ya tabianchi

Alhamisi ya tarehe 21 Novemba 2024, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi mjini Baku, Azerbaijan, rasimu ya lengo jipya la fedha za kuzisaidia nchi zinazoendelea kukabili mabadiliko ya tabianchi ilitufikia ikiwa na herufi X mahali palipopaswa kuwa na tarakimu. Trilioni X za dola kila mwaka. Ratiba ilikuwa imebakiza siku moja. Nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye korido, pale Uwanja wa Olimpiki, daftari magotini, na wenzangu wengi waliikasirikia ile X. Mimi sikushughulika nayo sana. Namba huja mwishoni. Nilikuwa naupekua ukurasa mzima kutafuta kitu kingine: nani anatoa?

Mimi ni mwanasheria wa mazingira, si mjumbe wa serikali. Nafanya kazi na akina mama wanaolima mwani kusini mwa Unguja, ambao wameshuhudia ule mwani wenye bei nzuri ukifa kadiri maji ya pwani yanavyozidi kupata joto. Katika mikutano hii naingia kama mwangalizi. Watu huniuliza mwangalizi anaangalia nini hasa, na kama raia wa kawaida naye anaweza. Anaweza.

Kuingia ukumbini kuna masharti: huwezi kujiandikisha kama mtu binafsi, lazima upitie shirika lililokubaliwa kuwa mwangalizi chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 kuhusu mabadiliko ya tabianchi, nalo hupewa nafasi chache. Lakini vikao vya wajumbe wote huoneshwa moja kwa moja kwenye intaneti, na rasimu rasmi huwekwa hapohapo. Mtu mwenye simu na subira aliyeko Mtwara anasoma aya ileile anayoisoma waziri. Kikwazo kikubwa ni lugha. Lugha rasmi ni sita, na Kiswahili hakimo.

Kanuni iliyopitishwa mwaka 1998 inaruhusu mwenyekiti kuwaalika waangalizi katika makundi ya majadiliano, isipokuwa theluthi moja ya nchi zilizopo ikipinga. Inasikika vizuri. Ila maneno magumu hupikwa kwenye mashauriano yasiyo rasmi, na huko mlango hufungwa. Mwangalizi hubaki nje akingoja toleo jipya. Likitoka, naliweka kando ya lile la jana, kalamu nyekundu mkononi, nasoma mstari kwa mstari. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba bado hayajakubaliwa. Mabano yakiondoka na maneno yakabaki, kuna aliyeshinda. Yakiondoka pamoja na maneno, hakuna atakayetangaza kwamba kuna kitu kimepotea. Ni mpaka uwe na toleo la jana.

Kisha angalia kitenzi. Paris, tarehe 12 Desemba 2015, makubaliano yalikaribia kukwama kwa sababu ya neno moja kwenye Ibara ya 4. Rasimu ya mwisho ilizilazimisha kisheria nchi tajiri kuweka malengo ya kupunguza gesi chafu katika uchumi wao wote. Marekani haikuweza kulikubali sharti hilo, kwani lingeupeleka mkataba kwenye Seneti yake, ambako ulitarajiwa kukwama. Sekretarieti ya mkutano ikasoma marekebisho kana kwamba ni makosa ya uchapaji, sharti likawa ushauri, na Laurent Fabius, aliyeongoza mkutano huo, akagonga nyundo kuupitisha mkataba. Waliokuwa wakisikiliza hotuba wakapiga makofi. Waliokuwa wakisoma waliona sharti likilegea.

Turudi Baku. Nchi zinazoendelea zilikuwa zikidai trilioni 1.3 kwa mwaka. Ijumaa ikatoka rasimu ya bilioni 250. Jumamosi wawakilishi wa visiwa vidogo na wa nchi maskini zaidi wakatoka nje ya kikao. Usiku wa manane kuamkia Jumapili tarehe 24, nyundo ikagongwa kwenye bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mjumbe wa India, Chandni Raina, alipopewa nafasi ya kusema uamuzi ulikuwa umeshapita. Aliuita kiinimacho. Nilikuwa nimechoka sana saa ile, na maneno yake yalinitoa machozi.

Niliporudi Unguja nilitaka kuwasomea akina mama kilichoamuliwa. Nikaanza na ahadi ya zamani, ya Copenhagen 2009, iliyothibitishwa Cancún mwaka uliofuata: nchi zilizoendelea zinajifunga kwenye lengo la kukusanya kwa pamoja dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Hiyo ilikuja yenyewe kwa Kiswahili. Ya Baku ilinitesa. Mkutano unaamua kuweka lengo la angalau bilioni 300 kwa ajili ya nchi zinazoendelea, nchi zilizoendelea zikiongoza, kutoka vyanzo vya aina nyingi, vya umma na vya binafsi. Na zile trilioni 1.3? Mkutano unatoa wito kwa wahusika wote washirikiane. Kila nilipotaka kuandika kitenzi cha kutoa, kikaniuliza kiambishi: zi- ya nani? wa- ya nani? Mwishowe nikaandika "zitapatikana".

Bi mmoja mtu mzima, aliyeanza kulima mwani kabla sijazaliwa, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, hizo zitakazopatikana, mbona hazina mtoaji?"

Nikamwambia ndivyo zilivyoandikwa. Akauliza kama zile za mwanzo, zenye mtoaji, zililipwa. Kwa hesabu za nchi tajiri zenyewe, nikasema, kiwango kilifikiwa mwaka 2022, miaka miwili baada ya muda, na sehemu kubwa ya fedha za umma ilikuwa mikopo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie sentensi zote mbili kwa herufi kubwa, azisome bila miwani.

Nimeziandika kwenye karatasi moja, ya 2009 juu, ya 2024 chini, na mtenda nimempigia mstari kwa wino mwekundu. Juu umekaa chini ya "zinajifunga". Chini sikupata pa kuuweka ila kwenye neno "zikiongoza".